Mzee Wilbrod na Zamu ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Kwa heshima zote, wafanyakazi na wanafunzi wa Kituo wanatangaziwa kwamba ile spana kubwa ya mabomba, iliyochukuliwa stoo tarehe 2 Oktoba 1961 kwa ahadi ya kurudishwa jioni, imerudishwa. Ilipokelewa Jumamosi tarehe 30 Juni 1984, saa sita kasoro robo mchana, ikiwa imepakwa grisi. Aliyeirudisha ni Mzee Wilbrod Sangali, fundi bomba wetu, ambaye siku hiyo hiyo alistaafu baada ya kazi ya miaka ishirini na miwili na miezi tisa.

Wilbrod aliajiriwa kuchimba mitaro. Kituo kilikuwa mabanda mawili na trekta moja lisilowaka. Fundi wa kwanza alipoondoka bila kuaga, Wilbrod aliulizwa kama anayajua mabomba. Akajibu kwamba anajua yalipo, maana ndiye aliyeyafukia. Akapewa kazi palepale, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza swali jingine.

Bomba lililotoka kisimani hadi kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi hadi nyumba zote kumi na nne za wafanyakazi, ni kazi ya mikono yake. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni maji yenyewe. Maji ya kisima chetu kirefu ni magumu. Birika likikaa mwaka mmoja, ndani linaota ukoko mweupe kama limepakwa chokaa. Maharage huwekwa jikoni asubuhi na kuliwa jioni yangali na msimamo wake. Sabuni haitoi povu. Inatoa utando wa kijivu unaoganda kwenye nguo. Mwenye kulisikia lalamiko hilo kila siku alikuwa Mama Benedikta, mke wa fundi, ambaye watu walimwona kama ndiye aliyeyakaza maji.

Mwaka 1970 lilifika sanduku kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na mashine ya kulainisha maji ya nyumbani: mtungi wa chuma uliojaa punje ndogo kama mtama, na pipa la chumvi pembeni. Maji yakipita kwenye punje huacha chokaa yake humo. Punje zikichoka, husafishwa kwa maji ya chumvi. Iliagizwa na mtaalamu mmoja wa kigeni kwa ajili ya nyumba yake. Mkataba wake ulikwisha kabla meli haijafika. Kitabu cha maelezo kilikuwa kwa lugha ya kwao, kwa hiyo Wilbrod alisoma picha. Alizisoma kwa miezi miwili, akasema ameelewa.

Ndipo Kamati ya Nyumba ilipokutana. Mashine ilikuwa ya nyumba moja, nyumba zilikuwa kumi na nne, na Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi ukutani. Ndugu Evodius, katibu wa Kamati mpaka leo, alisema maneno yaliyoingia kwenye kumbukumbu: "Ndugu zangu, hatuwezi kuwa na mtu mmoja anaoga povu na kumi na watatu wanaoga utando." Mashine ikarudishwa stoo kungoja usawa.

Mwaka 1974 usawa ulipatikana: iliamuliwa mashine ifungwe kwenye tangi kuu, ilainishe maji ya wote. Wilbrod alieleza kwamba haitaweza. Akaambiwa asikatishe watu tamaa. Aliifunga. Maji laini yalitoka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu na nusu, kisha punje zikachoka. Kila nyumba ikaombwa kutoa chumvi ya kuzisafisha. Bi Swaumu, mpishi wa bwalo, alisimama mlangoni mwake na kikombe cha chumvi kifuani. "Chumvi yangu ikalainishe maji ya watu, mie mboga yangu niitie nini? Mwambieni Evodius aje ailambe." Mashine ikarudi stoo.

Ikakaa huko miaka tisa. Mwaka jana sabuni ilipokuwa ya mgao, mche mmoja kwa kila nyumba, Mama Benedikta aliingia kwenye mkutano wa Kamati bila kualikwa. "Shuka mbili tu, mche umekwisha," alisema. "Majirani wananiuliza mwenzangu anafanya kazi gani. Nikisema fundi maji, wanacheka. Jamani, na mimi nione povu kabla sijafa." Aliketi. Maneno hayo nayo yameandikwa kwenye kumbukumbu.

Uamuzi wa siku hiyo ndio uliommaliza Wilbrod. Mashine itazunguka kwa zamu, nyumba moja mwezi mmoja, kwa kufuata namba, kuanzia Juni 1983. Nyumba ya Wilbrod ni namba kumi na nne. Palitolewa hoja tuanzie mwisho, na mwenye kuikataa alikuwa Wilbrod mwenyewe. "Fundi akianza na kwake, kesho mtaniitaje?" Mama Benedikta alimpikia maharage siku tatu mfululizo.

Basi kila mwisho wa mwezi, mtu wa miaka hamsini na minne alikata bomba, akaifungua mashine, akaipakia kwenye mkokoteni, akaisukuma hadi nyumba inayofuata, akatia meno bomba jipya, akaviringisha katani juu yake lisivuje, akaifunga mashine, akaonja maji na kwenda kulala. Bi Swaumu alipofikiwa na zamu alilalamika kwamba sabuni haimtoki mwilini: "Mzee Wilbrod, maji yako yananing'ang'ania kama mchumba!" Lakini mwezi ulipokwisha ndiye aliyeomba wiki moja zaidi. Mwalimu Gregori wa useremala, nyumba namba kumi na moja, siku ya kufunguliwa mashine alifunga mlango akaenda na ufunguo Misugusugu. Wilbrod alikaa kizingitini mpaka Gregori aliporudi, saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo, mzee. Nilipitiwa kabisa."

"Marahaba. Fungua."

Mwezi Machi barua ya kustaafu ilifika. Tarehe ya mwisho kazini, na ya kukabidhi nyumba, ni 30 Juni. Zamu ya nyumba namba kumi na nne ilikuwa ianze tarehe 1 Julai. Ndugu Evodius aliihesabu mara mbili kwa vidole, akamfuata Wilbrod na kumshauri abadilishane na nyumba namba kumi na tatu. Lakini humo Mboni, karani wetu, alikuwa amejifungua mapacha na kamba nzima ilikuwa nepi. Mwisho wa Mei Wilbrod alikwenda, akaiangalia kamba, akamfungia Mboni mashine kama kawaida.

Nyumbani kwake alieleza mwenyewe. Hatujui alisema nini. Tunajua kwamba wiki hiyo maharage yalirudi.

Kwa hiyo Kamati ilikutana tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ilikubaliana bila kubadilisha hata neno. Siku ya kuagana, baada ya pilau, Ndugu Evodius alifunua turubai. Chini yake palikuwa na mashine, imepakwa rangi ya kijani, na nusu gunia la chumvi iliyochangwa na nyumba zote, ya Bi Swaumu ikiwamo. Sasa ni yao, alisema, haina zamu tena. Watu walipiga makofi mpaka mapacha wakaamka. Wilbrod aliitazama mashine kwa muda mrefu, akashukuru kwa sentensi moja. Mama Benedikta alicheka mpaka akashika kiti, na wengi wetu tulidhani ni furaha.

Tunakushukuru, Mzee Wilbrod, kwa kila koki unayotuachia ikiwa haivuji. Tunakushukuru, Mama Benedikta, kwa kungoja. Mwili upumzike sasa, na siku zilizobaki ziwe nyepesi kuliko mtungi ule.

Lori liliondoka Jumatatu asubuhi kuwapeleka shambani kwao, Kisarawe. Huko hakuna bomba.