Vinavyotembea ni Vingapi?

Mheshimiwa Meneja Mkuu wa Reli. Ndugu Mwenyekiti wa kamati ya kuniaga. Wakuu wa idara mliokaa mbele kwenye viti vyenye mito. Madereva, mafundi na wasaidizi mliokaa nyuma kwenye mabenchi yasiyo na mito. Mke wangu, unayenishikia mkoba wenye miwani yangu ya akiba. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Hapa kwa kawaida msemaji husema itifaki imezingatiwa, akaendelea. Mimi leo siwezi. Yupo mtu mmoja humu ndani ya banda letu la vichwa vya treni ambaye sijamtaja, na nimemruka kwa makusudi, kwa sababu anayo nafasi yake ndani ya maneno yangu, na nafasi hiyo naiogopa tangu asubuhi.

Wiki tatu zilizopita kamati iliniita ofisini, ikanikalisha, ikanimwagia sifa ambazo nusu yake ni za marehemu. Kisha Ndugu Mwenyekiti akasema: "Mkuu, tunajua nyumbani una reli yako ndogo. Tuambie unataka kufikisha vichwa vingapi, sisi tutajazia. Hiyo ndiyo zawadi yetu. Idadi utaitaja mwenyewe siku ya kuagwa, mbele ya watu."

Kwa wageni wasioijua reli hiyo, ni meza ya plaiwudi katika chumba ambacho watoto wetu walikuwa wakilala kabla hawajaoa na kuolewa. Juu yake kuna reli zenye upana wa vidole viwili, stesheni ya mbao, kilima cha karatasi na gundi, na vichwa vya treni vyenye urefu wa kiganja, vinavyotembea kwa umeme. Nilianza miaka mitatu iliyopita, nilipoona kustaafu kunakuja na mimi sijui kukaa bila kusikia kitu kikizunguka. Wengine hufuga kuku. Mimi nimefuga vichwa vya treni, na havitagi.

Basi swali la kamati likaonekana jepesi. Vichwa vingapi? Taja namba, upigiwe makofi, ukae. Lakini ndugu zangu, mimi nimesimamia banda hili miaka ishirini na sita, na nawauliza: ni swali gani lililotuumiza vichwa humu ndani kuliko hilo? Ni asubuhi gani simu haikulia ikiuliza vipo vingapi? Tangu siku ile chakula hakinipiti vizuri. Nikishika kijiko nahesabu. Nikipiga mswaki nahesabu.

Ninavyo tisa. Mwanzoni nilitaka kusema kumi na tano, maana kumi na tano ndivyo vilivyokuwa humu siku niliyokabidhiwa funguo. Mke wangu, ambaye ni mshonaji na futi haimtoki shingoni, akaingia chumbani akapima. Akasema, "Baba watoto, kila kichwa kinataka njia yake ya kulala. Vikifika kumi na tano, meza itafika mlangoni. Sasa mimi nitaingilia dirishani?" Nikashuka hadi kumi na mbili. Akapima tena, akatikisa kichwa. Nikamwambia, mama, reli bila akiba si reli, na wahenga walisema akiba haiozi.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lililonileta mbele yenu nikiwa hivi nilivyo. Aliuliza, "Hivi tisa ulivyonavyo, vinavyotembea ni vingapi?"

Nikamwonyesha ukutani. Nimejitengenezea ubao mdogo kama huu mkubwa ulio nyuma yangu, wenye safu tatu: KAZINI, AKIBA na MATENGENEZO, na kila kichwa kina kibao chake kinachoning'inia kwenye msumari. Nikamwambia, soma mwenyewe. Kazini vinne, akiba vitano, matengenezo hakuna. Jumla tisa.

Mke wangu hakusoma. Alisema, "Mteja akiniuliza nina nguo ngapi tayari, huwa sihesabu vitambaa." Akanyoosha mkono kwenye swichi, akaanza kujaribu kimoja kimoja. Vinne vikatembea. Cha tano kikanguruma bila kusogea. Cha sita kikatoa harufu ya kuungua. Cha saba hakina gurudumu la nyuma, nami nilikuwa nimekiegemeza kwenye ukuta wa stesheni ili pengo lisionekane. Vingine viwili sitaki hata kuvisema. Akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Sasa unamdanganya nani, mume wangu, na humu tupo wawili tu?"

Mama, usinikonyeze. Najua muda. Ngoja nifike.

Nilikaa kwenye kigoda. Kwa maana mkono ule uliovitundika vibao vitano vya vizima visivyo vizima nilikuwa naufahamu. Niliwahi kuuona ukifanya kazi hiyo hiyo humu bandani, kwenye ubao huu hapa, miaka kumi na tisa iliyopita. Na watu wazima mliokuwepo mnaikumbuka siku ile, ila mnaikumbuka kama mlivyoambiwa. Nami ndiye niliyewaacha muambiwe hivyo.

Mheshimiwa Meneja, wewe hukuwa umefika kwetu. Kanuni ilisema banda liwe na vichwa viwili vya akiba wakati wote. Sisi tulikuwa na kimoja. Kichwa namba kumi na nne kilikuwa kwenye matengenezo, kimefunguliwa tumbo, pistoni zake tatu zimefungwa gazeti juu ya meza ya fundi mkuu. Jumatatu wakaguzi walikuwa wanakuja. Jumapili mchana nilipita hapa peke yangu, nikakitoa kibao cha kumi na nne kwenye safu ya MATENGENEZO, nikakitundika kwenye AKIBA. Nilijiambia ni kwa siku moja. Wakaguzi wakaja, wakasoma ubao, wakanywa chai, wakasifu. Baada ya siku chache barua ya pongezi ikabandikwa pale ukutani, kando ya ubao. Sasa ningekishushaje kibao, barua ikiwa inanitazama?

Siku ya kumi na moja, kichwa chetu cha akiba cha kweli kilikuwa kimetoka na mzigo. Saa nane mchana treni ya abiria ikazimika kwenye mlima. Mwongozaji wa safari za treni, ambaye kila asubuhi tulimsomea ubao kwa simu, akanipigia. "Ubao unasema kumi na nne ipo. Ipo?"

Ndugu wageni waalikwa, neno la kusema lilikuwa fupi. Haipo. Ningelisema, angeomba kichwa stesheni ya jirani, na ndani ya saa moja watu wangekuwa njiani. Mimi nikasema, "Ipo, inaandaliwa." Kisha nikakimbia kwa fundi mkuu, nikamwambia aifunge. Hakuniuliza kitu. Alifunga pistoni kwa saa nne mfululizo, mkono mmoja umeungua, huku akijua na mimi nikijua kwamba kazi ile ni ya siku mbili. Mwishowe kichwa kikaombwa kwa jirani. Abiria mia tatu na ushee walikaa mlimani saa sita, maji ya kunywa yakawaishia, watoto wakalia mpaka wakachoka.

Kesho yake akaja mwalimu mmoja, amevaa suti nyeusi. Alikuwa anakwenda kumzika baba yake, akafika kaburi limeshafunikwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Naomba kujua, aliyehusika ni nani?" Nikamwonyesha mlango wa mafundi.

Uchunguzi ukafanyika. Tulikaa meza moja, mimi na fundi mkuu, mabega yakigusana. Wakamuuliza kwa nini kichwa kilichoandikwa ni kizima hakikuwa kizima. Akajibu, "Mimi nashika spana. Ubao una mwenyewe." Akanitazama. Akasubiri. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nilitazama glasi ya maji. Wachunguzi wakamwona ana jeuri, wakaandika uzembe, wakamvua ukuu wa mafundi, wakampeleka kule nyuma kwenye banda la magurudumu. Na ninyi mkacheka lile jibu lake, mkampa jina. Tangu siku ile mnamwita Fundi Spana. Kila mara mlipoliita jina hilo kwa utani, mimi lilinichoma, nami nikacheka pamoja nanyi.

Fundi Spana, uko mstari wa tatu, karibu na nguzo. Wewe ndiye niliyekuruka katika salamu zangu. Shikamoo, kaka. Najua mimi ni mkubwa kwako kwa miaka miwili, lakini leo shikamoo hiyo naitoa mimi.

Mmesema hapa leo kwamba chini yangu banda hili halikuwahi kukosa kichwa cha akiba. Mmesema nilikuwa mkweli wa namba. Ndugu Mwenyekiti, umeyasoma hayo kwa sauti nzuri, nami niliinamisha uso mkadhani ni unyenyekevu. Sifa hizo naomba mzichukue mkazipeleke mstari wa tatu. Kuna fundi ambaye kwa miaka kumi na tisa hakulala na kinyongo cha kutaka kuniumbua, ingawa neno lake moja kwa wanaomwamini lingetosha. Alinisalimu kila asubuhi. "Habari za kazi, mkuu." "Nzuri." Basi. Nani kati yetu angeweza kuubeba mzigo wa mwenzake hivyo, na huyo mwenzake akipita mbele yake kila siku na tai shingoni?

Mheshimiwa Meneja Mkuu, asubuhi ya leo nimemkabidhi katibu wako barua. Humo nimeandika hayo niliyoyasema, tarehe na saa, na nimeomba faili la Fundi Spana lisahihishwe akiwa bado hai na bado kazini, maana amebakiza miaka miwili tu astaafu. Kuhusu mimi, fanya utakavyoona. Kama cheti kile kilichofungwa utepe pale mezani kitarudi kabatini, sitauliza. Ninaogopa, sifichi. Mke wangu aliijua habari hii wiki tatu tu zilizopita, pale kwenye kigoda, na jambo la kwanza alilosema halikuwa la kunifariji. Alisema, "Na yule mwalimu je?" Mwalimu nimemtafuta, mama. Alishahama, sijampata bado. Nitaendelea kumtafuta, nina muda sasa.

Turudi kwenye idadi, kwa kuwa niliahidi kuitaja mbele ya watu. Vichwa vinne. Nataka kuwa na vinne, ambavyo tayari ninavyo, kwa hiyo hamtanunua kitu. Jana jioni nilivishusha vile vibao vitano nikavitundika chini ya neno MATENGENEZO, na mke wangu akauliza kama chumba kimekuwa kikubwa au ni macho yake. Atakayeniuliza nina vingapi, nitamjibu vinne. Vile vitano vinangoja mtu mwenye mkono wa fundi, nami mkono huo sina. Mimi maisha yangu yote nimeshika ubao.

Fundi, kando ya meza yangu kuna kigoda cha pili. Siku yoyote, saa yoyote ya mchana. Una haki ya kutokuja. Usipokuja, vitabaki pale vilipo, na sitavihesabu.

Nimalizie kwa jambo moja la kutenda kwa mkono. Kichwa namba kumi na nne kilipouzwa kama chuma chakavu, kibao chake kilitakiwa kuchomwa. Sikukichoma. Nilikiingiza mfukoni, nikakaa nacho, na ninacho hapa. Mnakiona? Rangi imetoka lakini namba inasomeka. Na msumari wake bado upo kwenye ubao huu nyuma yangu, hakuna aliyeung'oa. Sasa nageuka. Mnisamehe kuwapa mgongo, Mheshimiwa. Hapa palipoandikwa AKIBA ndipo nilipokitundika siku ile. Na hapa, safu ya tatu, ndipo palipokuwa mahali pake.

Haya. Kimekaa.

Fundi, ulisema ubao una mwenyewe. Mwenyewe ni mimi.

Nawashukuru viongozi wangu, nawashukuru mafundi na madereva mlionibeba miaka yote hii bila kujua mmebeba nini, na wewe mke wangu nakushukuru kwa swali. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hesabu ikatimia.