Mota ya Pole na Mota ya Mbio

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi, ukutani mwa duka la vifaa vya umeme, na asiyejua kukaa huangukia kwenye viatu vya fundi viatu. Asubuhi ile Nati, fundi wa kila kinachozunguka, alikuwa amepakata mota mbili ndogo kama mtu aliyeachiwa mapacha. Mkewe alimtafutia kazi kwa bosi mmoja anayeleta mashine za kujiuzia: unatia sarafu, springi inazunguka, kitu kinadondoka, hakuna muuzaji wa kukununia. Nati alitakiwa kuchagua tu mota ya kuzungusha hizo springi. Moja ina gia nyingi, inakwenda pole na ina nguvu. Ya pili ina gia chache, inakwenda mbio, lakini nguvu zake za kuku. Saa nne bosi angepiga simu atake jibu. Akikosea, anarudi kushona miavuli kando ya baba mkwe wake, mzee asiyenyamaza hata akipiga mswaki. Kwa hiyo akafanya kosa la kiume: akaomba ushauri kijiweni.

— Chukua ya pole, akasema Profesa, aliyelinda lango la shule miaka ishirini na elimu ikampita palepale getini. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Mashine inakula nyama? akauliza Nati.

— Inakula sarafu. Ni yaleyale.

— Ya mbio! akadakia Kipaza, kinyozi ambaye hata siri huzitoa kwa kelele. Mteja ukimngojesha anaanza kufikiri. Akifikiri anakumbuka kwao kuna maji ya bure. Umemkosa!

— Ya mbio itamrushia kitu usoni, akasema Profesa.

— Si afumbe macho? Mvumilivu hula mbivu.

— Jamani, nina dakika kumi, akasema Nati.

— Na mimi birika lina vikombe vitatu, akasema Mama Kahawa, aliyeuza kahawa pale pembeni. Mradi umalize ujinga kabla sijamaliza kahawa.

Kipaza akaichukua mota moja, akaitikisa sikioni kama nazi.

— Hii meno yake ya chuma au ya plastiki?

— Ya chuma.

— Hapo ndipo ulipopotea. Mama yangu mkubwa ana meno ya bandia mwaka wa tisa huu, hajaumwa jino hata siku moja.

— Mashine ina springi ngapi? akauliza Profesa.

— Kumi. Kila springi na mota yake.

— Basi usinunue zote za rika moja, zitazeeka siku moja. Changanya, wazee kwa vijana.

— Wazee watakaa tu, wawatume vijana, akasema Kipaza.

— Kwani kwenu si ndivyo? akauliza Profesa.

Nati akafuta jasho. Ilikuwa bado dakika nne.

— Sikia dawa yake, akasema Kipaza. Zifungishe ndoa. Ya pole na ya mbio, springi moja. Zitarekebishana.

— Zitavunja springi, kaka.

— Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Mimi na marehemu tulifungwa springi moja miaka thelathini, akasema Mama Kahawa. Aliyerekebishwa mpaka leo simjui.

Nati akajikuta anazisogeza zile mota karibu karibu, kuona kama zinapendana. Ukifika hapo, ujue kichwa kimeshaaga.

Ndipo akaja mwanamke kuchukua kiatu chake kwa fundi viatu, mguu mmoja umevaa, mmoja peku. Akasimama, akasikiliza kidogo.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo mashine inauza nini?

— Inauza vitu, akasema Profesa.

— Vitu gani? Maana chupa kubwa ya maji inataka kusukumwa hasa. Pakiti ya biskuti, hata ukiipulizia inadondoka.

Profesa akamtazama Kipaza. Kipaza akamtazama Mama Kahawa. Wote wakamgeukia Nati. Wiki nzima alikuwa amehesabu meno ya gia, akapima volti, akapima hadi matundu ya skrubu. Hilo hakuuliza.

Simu ikalia. Nati akasimama, kwa adabu.

— Haya, fundi, mota ipi?

 Mawazoni akamwona baba mkwe, akauona mdomo wa baba mkwe unafunguka.

— Bosi, uniwie radhi. Ndani ya mashine tutatia nini?

  Sauti ya bosi ikasikika kwa mbali, imegeukia pembeni:

— Jamani, hivi tulisema tutauza nini?

Nyuma yake zikalipuka sauti za wanaume, huyu mayai ya kuchemsha, yule samaki wabichi, na mmoja mzito, wa taratibu, akakohoa kwanza, akaanza:

— Wahenga walisema...

Nati akaketi.