Alitupia Jicho Tu

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Cheko, mfagia barabara. Aligongwa na gari akiwa kazini, asubuhi kweupe. Dereva alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu.

Jina la Mama Cheko hakupewa bure. Akimwona dereva ameinamia simu, alimpigia kelele: "We baba, barabara iko huku! Huko mapajani unatafuta nini?" Wenzake hoi kwa kicheko. Dereva naye anacheka, anapunga mkono, simu haachi. Kila mtu aliona ni utani.

Mumewe ni fundi viatu. Aliyemgonga mkewe alimjia analia: "Baba nisamehe, nilitupia jicho tu." Neno hilo linamuuma Fundi mpaka leo. "Kutupia jicho! Jicho ni takataka, la kutupwatupwa?" Msibani nako watu wakamwambia ni bahati mbaya, ni mipango ya Mungu. "Mungu hana simu," akawajibu.

Sasa barabara ileile anafagia shemeji yake, mdogo wa marehemu. Kapewa ufagio na fulana ya kung'aa, basi. Hata koni za kuzuia magari hana. Fundi akavaa shati la heshima, akamwendea mkubwa wa idara ya usafi, ofisini kwake.

"Mheshimiwa, naomba muwawekee koni hawa kina mama. Nimeshazika mmoja."

Simu ya mkubwa ikalia. Akaichukua, kidole kikaanza kucheza. "Endelea, mzee wangu, nakusikia."

Fundi akaendelea kusimulia. Alipofika pale mkewe alipoangukia, sauti ikakatika. Akanyamaza. Mkubwa, kichwa chini, akaitikia: "Ndiyo, ndiyo. Sawa kabisa."

Wasikilizaji, Fundi anasema hata hasira hakuipata. Nguvu zilimwisha tu. "Nimshitaki dereva kwa nani? Kwa huyu? Wenye viti vya ukubwa ndio haohao wenye magari." Akainuka, akatoka. Mkubwa hakumwona akitoka.

Fundi, pole sana. Shemeji, watoto, poleni sana. Mama Cheko alifanya kazi yake vizuri, na alikufa akiifanya.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Kesho asubuhi shemeji mtu atafagia palepale. Koni bado hazijawekwa. Kati yake na gari lako hakuna kitu, ila macho yako.