Miaka Kumi na Tisa Mbele ya Karai

Kijiwe chetu ni benchi moja nyuma ya hoteli ya chakula, pale bomba la moshi wa jikoni linapotokeza usawa wa vichwa vyetu. Ukiegemea ukuta, unaondoka na mafuta mgongoni. Mimi nauza kahawa hapo. Jana tulimzika Kikaango, mpishi wa hoteli hiyo. Kila alasiri alitoka kupumzika nasi, akikohoa mpaka kahawa inamwagika. Miaka kumi na tisa mbele ya karai la mafuta, na sigara hakuigusa. Leo nimemimina kahawa, mjadala ukawa nini kimemuua.

Profesa, yule kinyozi, ndiye aliyeanza.

— Maji ya barafu hayo. Unatoka motoni, unagida baridi, pafu linapasuka kama glasi.

— Wapi! Mama Sindano, fundi cherehani, akadakia. Ni vitunguu. Chozi likikosa njia machoni, linateremkia kifuani.

— Basi kijicho, Profesa akasema. Kikaango alikuwa na mkono mtamu, watu wakamhusudu.

Fundi Feni, fundi umeme wetu, alikuwa kainamia kikombe.

— Ni moshi, akasema. Mwaka juzi niliitwa kutengeneza feni ya kuvutia moshi. Imekufa. Chujio limeganda mafuta kama mche wa sabuni. Nikamwambia mwenye hoteli: nunua feni mpya, chujio lioshwe kila wiki, bomba lipande lipite paa.

— Akasemaje?

— Eti harufu ndiyo inayomwitia wateja. Majirani walipolalamika, akaziba dirisha la jikoni kwa matofali.

— Hapo simlaumu, Profesa akasema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Si ndio kaujenga huo, baba! Mama Sindano akamkata.

Nikamgeukia Fundi.

— Na wewe Fundi ukafanyaje?

— Nikakunja waya zangu. Kikaango akanisindikiza mpaka hapa, akaniuliza, "Ndugu yangu, feni inarudi lini?" Nikamjibu subira huvuta heri. Niliona haya kumwambia hairudi.

Mama Sindano akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

— Na mimi nilikuwa nikiinusa ile harufu, namwambia, "Leo umepania, kaka!" Kumbe mwenzangu anaungua.

Hapo akatokea msichana, aproni nyeupe iliyopigwa pasi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Tulimtambua. Binti mkubwa wa marehemu. Jana tulimwona kando ya kaburi, kawashika mikono wadogo zake wawili.

— Mwenye hoteli kanipa nafasi ya baba, akasema. Wadogo zangu bado wanasoma. Eti, mlango wa jikoni ni upi?

Ulikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Profesa akachungulia kikombe kitupu. Fundi akaliangalia bomba la moshi. Mimi nikalishika birika, nisijue namimina wapi.

Akadhani hatukumsikia. Akauliza tena.