Gari Halina Mabega

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Longinus, kaa hapa. Sylvesta, kaa karibu na kaka yako, hata kama hamjasemezana tangu mavuno. Pelagia, binti yangu, niinue kichwa kidogo. Nimechoka, jamani. Maradhi yamenichosha, na kuwasikia mkigombea ile Landrova nje, kabla sijafumba macho, kumenichosha zaidi.

Mama yenu Josepha alifia kwenye machela ya mianzi, njiani kwenda hospitali ya Kibondo, mvua ikimnyeshea na majirani wakipokezana kumbeba mpaka mabega yakachubuka. Ndiyo maana niliuza ng'ombe, nikaenda Kasulu kwa wajenzi wa barabara waliokuwa wanafunga kambi, nikanunua gari kuukuu. Waliniona mshamba nilipolala chali matopeni kukagua chasisi huku wao wakinisifia rangi. Sikilizeni: rangi hupakwa hata juu ya kutu. Gari la mkononi huangaliwa chini kwanza, kisha unaisikiliza injini ikiwa baridi, maana ikishapata moto kila injini hujua kudanganya.

Pelagia ndiye aliyejifunza. Kila asubuhi hupima oili, hutazama maji ya rejeta, husugua tope kwenye springi, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi wawili mlijifunza kupiga honi! Basi gari ni la Pelagia, na asitokee wa kuniuliza kwa nini nimempa mtoto wa kike. Migomba na shamba la bondeni mgawane sawasawa, mpaka wenu uwe ule mkuyu, na yaishe.

Lakini silo linaloninyima usingizi. Tangu gari liingie ua huu, majirani wakiugua tuliwapeleka, na nilifurahi. Nyinyi lakini mliacha kubeba. Siku mama yake jirani yetu Bazilio alipozidiwa, giaboksi ilikuwa imefunguliwa, spea haijafika kutoka Kigoma, watu wakaja hapa kuomba mabega, nanyi mkawajibu, "Gari likipona tutakuja." Likipona! Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bazilio alimbeba mama yake na watu wachache, akamfia kilimani, na hata mazishini hamkwenda kwa aibu. Mimi nilikuwa Kigoma naihangaikia spea hiyohiyo.

Tangu hapo, nani amekanyaga hapa? Naumwa muda wote huu, na hata kikombe cha uji hakijatoka kwa jirani. Naogopa, wanangu. Kufa sikuogopi. Naogopa kulala maiti humu ndani, kijiji kizima cha Kumsenga kikisema, "Wenye gari wazikane kwa gari lao." Na watoto wenu wakiugua mimi nikiwa sipo, mtamwita nani? Usiniambie linawaka, Sylvesta. Leo linawaka, kesho litalala, chuma huchakaa kama baba yako.

Pelagia, maji... Asante.

Sasa nasema la mwisho. Ile machela iko juu ya dari, ishusheni. Nataka kwenda kwa Bazilio, leo, nikiwa bado na ulimi wa kuomba msamaha. Nini, Longinus? Nitafia njiani? Basi nitafia mabegani mwa wanangu, kuna ubaya gani?

Mungu awape nguvu ya jembe, awape watoto wanaosikia kuliko mlivyosikia nyinyi, na mlango wenu usikose mtu wa kupiga hodi. Pelagia, nimekubariki, mama; usimwazime gari asiyejua kulisikiliza.

Shika mbele, Sylvesta. Longinus, nyuma. Weka begani, acha kuning'iniza mikononi... hivyo. Taratibu. Mnanisikia uzito? Mwepesi, ndiyo, maradhi yamenila... twendeni. Lipiteni tu gari, msiliangalie.

Na nikinyamaza njiani... msigeuke. Fikeni kwa Bazilio. Mpige hodi... muombe wenyewe.