Kikombe cha Noel: Maisha ya Dk. Elina Abraham Msengi (1979–2025)

Marehemu Dk. Elina Abraham Msengi alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, kijijini Ulemo, wilaya ya Iramba, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Abraham Msengi na marehemu Mama Theresia. Dada yake mkubwa ni Lucy, anayesoma wasifu huu. Mdogo wao alikuwa Noel. Elina alikuwa mbishi tangu utotoni; akitumwa chumvi, aliuliza kwanza kwa nini ikiyeyuka haionekani.

Noel alikuwa na kifafa. Nyumbani kwao, kama kwa majirani wengi, iliaminika kwamba povu la mgonjwa huhamisha ugonjwa. Kwa hiyo kikombe chake cha bati kilifungwa uzi mweusi kwenye kishikio, mtu mwingine asikinywee. Aliyepewa kazi ya kuufunga uzi huo ni Elina, maana vidole vyake vilikuwa vyembamba.

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1991, mama akiwa mashineni kusaga, Noel alianguka penye mafiga wakati maji ya ugali yanachemka. Elina, mwenye miaka kumi na miwili, alimkimbilia na kunyoosha mkono. Sauti ikampigia kelele, "Usimguse! Ugonjwa utakuhamia!" Akaurudisha mkono. Baba mdogo Alute alipofika mbio kutoka shambani na kumtoa, moto ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Noel alifariki siku ya nne, akiwa na miaka minane.

Elina alisoma Shule ya Msingi Ulemo, kisha sekondari Singida mjini, halafu chuo kikuu Dar es Salaam, na shahada ya uzamivu aliichukua Uswidi mwaka 2011. Kijijini walisema anakimbia jembe. Hakuwa anakimbia jembe.

Alirudi akafundisha chuoni Dodoma, na utafiti wake ulikuwa mmoja tu. Seli za neva husikilizana pale zinapokutana, na masikio yake huitwa vipokezi. Kuna vimeng'enya vinavyobandika alama ndogo ya protini kwenye vipokezi hivyo. Kipokezi chenye alama huvutwa ndani ya seli. Kingine huvunjwa, kingine huvuliwa alama na kurudishwa mahali pake. Kimeng'enya kikilegea, masikio hujazana nje, na hata mnong'ono husikika kama kelele. Vifafa vingine huanzia hapo. Si vyote, na alimkatiza yeyote aliyesema vyote.

Mwaka 2019 aliyaeleza hayo Ulemo, mbele ya ukoo. Baba mdogo Alute akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, hiyo alama ndiyo mbaya?"

"Hapana, baba. Ya seli hufunguliwa, kipokezi kikarudi kwa wenzake. Yetu mimi niliifunga, na hakuna aliyeifungua."

Lucy alikwenda kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Tarehe 7 Januari 2006 alifunga ndoa na Mwalimu Festo Gunda, Manyoni, wakajaliwa Edward na Leah. Mwalimu Festo anasema mke wake alikuwa mcheshi, ila hakuweza kukaa jikoni maji yakianza kuchemka. Alinyoosha mkono hewani, akabaki hivyo. Akiulizwa, alisema Noel amekuja. Anasubiri tu ashikwe. Mwalimu akajifunza kupika mwenyewe, na ugali wake, Mungu amsamehe, hadi leo una mabuje ya unga.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Lucy alikwenda Dodoma kumuuguza. Wiki ya mwisho Elina alimwambia, "Shikamoo dada. Kikombe cha Noel kiko wapi?"

"Marahaba. Kilishatupwa zamani, mdogo wangu."

"Kipo sandukuni kwako. Kije kwenye mazishi yangu, wanywee watu togwa. Aanze Happiness."

Happiness ni mjukuu wa Lucy, ana miaka tisa. Ana kifafa, anatumia dawa alizoelekezwa na Elina, na mpaka wiki iliyopita alikuwa anakula kwenye sahani yake peke yake. Sahani hiyo aliitenga Lucy.

Dk. Elina alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, baba mdogo Alute, wanafunzi wengi, Happiness, na dada mmoja.

Majuto ni mjukuu, na wa Lucy amekaa hapa mstari wa mbele. Sauti ile ya mwaka 1991 ilikuwa ya Lucy. Alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyekuwa anasonga ugali. Miaka thelathini na minne Elina aliwasimulia watu habari za mkono wake mwenyewe uliorudi nyuma, na hakumtaja dada yake hata mara moja, wala kwa mume wake.

Kikombe kiko juu ya meza, karibu na jeneza. Uzi bado upo. Lucy alijaribu kuufungua jana akashindwa. Happiness, njoo mjukuu wangu, vidole vyako ni vyembamba. Ufungue, unywe, kisha unipe mimi.

Elina, shusha mkono sasa. Lala kwa amani na Noel wako.