Mlango Uliongoja Sahihi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mziwanda acha kulia kwanza, muda wa kulia utakuwa nao mwingi. Pumzi yangu ndiyo chache, na leo siitumii kwa habari za shamba wala viti, hayo dada yenu mkubwa ameshayaandika, mgawane bila kununiana. Nataka kuwaachia jambo moja baya, nililolifanya mwenyewe kwa akili zangu timamu.

Mnajua nilikuwa askari jela. Serikali ilipoikabidhi kampuni gereza letu, tulibandua nembo ya taifa mabegani, tukavishwa kofia za kijani, tukaambiwa sasa ninyi ni watu wa kampuni. Funguo zilikuwa zile zile, wafungwa wale wale, hata harufu ya dawa ya choo haikubadilika. Na jambo moja serikali haikuliachia kabisa: asubuhi, hakuna seli iliyofunguliwa kabla afisa wa serikali hajafika, akahesabu vichwa kupitia tundu la mlango, akatia sahihi kitabuni. Mtu awe mgonjwa, awe nani, sahihi kwanza.

Siku ile afisa alichelewa. Seli ya saba kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mpole, mgonjwa wa pumu, na kile kidude chake cha kuvuta dawa tulikifungia ofisini. Nilimsikia akitafuta hewa, funguo ziko kiunoni mwangu, nami nikakaa. Afisa alipokuja akatia sahihi, tukafungua, tukakuta maiti.

Mjane wake alikwenda mahakamani. Wakili wake akasema haki ya kuishi imo kwenye Katiba, na yule fundi alifia mikononi mwa serikali. Kampuni ikajibu kwamba Katiba inaibana serikali, na yenyewe ni biashara ya watu binafsi. Jaji hakuwa mjinga. Alisema jina lililoandikwa getini si hoja, anachotaka kujua ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya ile milango, maana kampuni inayofunga na kufungua kwa amri ya serikali ni mkono wa serikali tu, hata ikijiita nini. Akanigeukia mimi, shahidi, nami nimeshaapa, nikasema, "Ni kampuni, mheshimiwa. Tulifungua tulipotaka wenyewe." Jibu hilo nilifundishwa na meneja. Kesi ikatupwa, nami nikapandishwa cheo, nikapewa nyumba hii. Yule mama alinitazama, mimi nikajifanya natafuta miwani. Nimeona haya miaka kumi na mmoja, na nimewalea ndani ya haya hiyo.

Sasa fanyeni hivi. Ndani ya sanduku la marehemu mama yenu kuna kitabu cha hesabu cha mwaka ule, nilikiiba. Kina muhuri wa serikali na saa aliyofika yule afisa. Kipelekeni kwa wakili wa mjane, pamoja na kiapo nilichotia dole gumba jana. Anasema kesi inaweza kufunguliwa upya. Wewe wa pili, najua mkate wako unatoka kwa kampuni hiyo hiyo, na najua nyumba hii wataichukua. Hameni. Usinikunjie uso, mwanangu, nakuomba. Na kofia ya kijani isionekane mazikoni kwangu.

Nipeni maji... kidogo. Basi, yatosha.

Kuna neno sikulitia kwenye kiapo. Yule fundi hakunitukana. Alisema, "Kaka, fungua tu, sitakimbia." Nikamjibu avumilie, hesabu bado. Msimwambie mkewe hilo... Hapana. Mwambieni. Ni lake.

Mungu awape... moyo ambao mimi sikuwa nao. Nimewaridhia, wote... hata wewe uliyenuna. Nendeni leo... leo hii, wanangu. Msisubiri kunizika.